Anayekubali Kuganda na Anayewasha Moto Wake: Wadudu Wawili wa Tundra ya Aktiki

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wetu wafugaji nyuki mlioacha mizinga yenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Niliombwa nizungumzie wadudu na mabadiliko ya tabianchi, na nadhani wengi wenu mlitarajia nianze na nzige au viwavijeshi. Hao tunawajua, na tumewasema sana. Leo naomba ruhusa yenu tuende mbali, kaskazini kabisa mwa dunia, kwa sababu kuna fikra moja nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Wanasema: Aktiki kukipata joto, si nafuu kwa viumbe wa kule? Baridi imewatesa miaka yote, sasa watapumua. Ni fikra inayoingia akilini kwa urahisi, na ni fikra potofu. Njia bora ninayoijua ya kuivunja ni kuwaonyesha wadudu wawili wanaoishi bonde moja, wanaotegemea mti mmoja, na ambao wamelijibu swali la baridi kwa majibu mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Kisiwa cha Ellesmere kiko Nunavut, Kanada, kikitazamana na Greenland ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Upande wake wa mashariki kuna bonde la pwani liitwalo Alexandra Fiord, karibu nyuzi 79 kaskazini. Ukizidi kupanda ramani, karibu nyuzi 82, unakuta Ziwa Hazen. Huko, kuanzia majira ya kuchipua, jua halizami kwa takribani miezi 4. Linazunguka tu angani, usiku na mchana. Kisha huja majira ambayo halionekani kabisa, na kipimajoto hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Ardhi imeganda mwaka mzima. Kinachoyeyuka wakati wa kiangazi ni tabaka jembamba la juu, na humo ndimo mizizi yote inamojibana.

Ndiyo maana huko hakuna msitu. Nchi ya namna hiyo ndiyo iitwayo tundra. Lakini kuna mti. Wasomaji wa Biblia wanaijua mierebi ya kando ya vijito. Mwerebi wa Aktiki ni ndugu yake, Salix arctica kwa jina la kitaalamu, ila huu umelala. Matawi yake yanatambaa juu ya mawe, na mara nyingi mti mzima haufiki hata kwenye kifundo cha mguu wako. Usiudharau kwa ufupi wake, maana umepatikana mwerebi wa namna hii wenye umri wa zaidi ya miaka 200. Kuna mimea ya kiume na mimea ya kike, na yote miwili hutoa maua yenye mbochi, yale maji matamu yanayofuatwa na nyuki. Majani yake yanamlisha mdudu wetu wa kwanza. Maua yake yanamlisha wa pili.

Huyo wa kwanza ni kiwavi. Ni mtoto wa nondo aitwaye Gynaephora groenlandica, anayepatikana Greenland na katika visiwa vya kaskazini mwa Kanada. Amevaa manyoya marefu, mazito, mwili mzima. Theluji ikianza kupasuka mwanzoni mwa Juni, anatoka. Ukipiga magoti umtazame kwa karibu, utadhani ni mgonjwa, maana hafanyi kitu. Amejilaza juu ya mimea mikavu mahali palipokingwa na upepo, ubavu ameuelekeza kwenye jua. Jua likisogea, naye anajigeuza kidogo ili ubavu ubaki palepale. Watafiti waliokaa Alexandra Fiord wakimfuatilia walikuta kwamba takribani asilimia 60 ya muda wake anaota jua, asilimia 20 anakula, na asilimia 20 anatembea.

Kwa nini mdudu mwenye majira mafupi namna hiyo asile tu mfululizo? Kwa sababu utumbo wenye baridi hausagi chakula. Jani linaweza kuingia likakaa bila faida. Kwa hiyo anakula, kisha anaota jua ili alichokula kisagike. Manyoya yale yanazuia upepo usimnyang'anye joto, na jua likiwa wazi mwili wake unaweza kuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya hewa inayomzunguka. Hana njia ya kutengeneza joto lake mwenyewe la maana. Analokusanya ni la jua, na jua likifunikwa na wingu, shughuli inasimama.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika maisha ya kiwavi huyu. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa bado liko juu saa 24, mierebi ikiwa imejaa majani, anaacha kula. Anasokota kifuko cha hariri kando ya jiwe au chini ya mmea, anajifungia. Julai, mwezi wenye joto kuliko mwezi mwingine wowote kule, yeye yuko ndani. Mwezi ambao mtu wa nje angesema ndio wa kuneemeka, yeye ameshafunga duka.

Watafiti wamejiuliza kwa nini, na majibu yanashikana. Jani la mwerebi linapochipua lina virutubisho vingi. Wiki zikisonga, virutubisho vinapungua na mti unajaza tanini na kemikali nyingine za kujilinda. Chakula cha Julai kinaonekana kingi, lakini ni duni. Wakati huohuo joto linauharakisha mwili: kadiri kiwavi anavyopata joto, ndivyo anavyounguza akiba yake. Kukaa nje kwenye joto huku chakula ni duni ni hasara tupu. Na kuna jibu la tatu, la maadui, ambalo nitalirudia.

Baada ya hapo baridi inarudi, na kiwavi anaganda. Nasema anaganda kwa maana yenyewe ya neno. Wadudu wengi wa nchi za baridi wana mbinu za kuzuia maji ya miili yao yasigeuke barafu. Huyu anaiachia barafu iingie, nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ukimwokota katikati ya majira ya baridi na kumwangusha mezani, anagonga. Siri ni kwamba barafu inajengeka nje ya seli, katika nafasi zilizo kati yake, na seli zenyewe zinalindwa na kemikali anazozitengeneza kabla, hasa gliseroli. Gliserini mnayonunua dukani kupaka ngozi ndiyo hiyohiyo. Zaidi ya hapo, anapojiandaa kwa baridi anazivunja mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli, na kuzijenga upya majira ya kuchipua. Anazima mitambo kabisa. Katika maabara, viwavi hawa wamestahimili nyuzi 70 chini ya sifuri, kisha wakayeyuka na kuendelea na maisha.

Hesabu basi: anakula kwa wiki chache, anasubiri karibu mwaka mzima, na kwa kawaida anajibandua ngozi mara moja kwa mwaka. Ukubwa unakuja polepole sana. Mwaka 1987 watafiti Olga Kukal na Peter Kevan walikadiria kwamba kiwavi huyu anahitaji miaka 14 kufikia unondo. Takwimu hiyo ilienea duniani kote, na hadi leo mtakutana nayo. Mwaka 1998 W. Dean Morewood na Richard Ring, baada ya kufuatilia ukuaji wake hatua kwa hatua, walionyesha kwamba ni miaka 7. Walimu, naomba wanafunzi wenu wafundishwe namba hizi mbili kwa pamoja. Hakuna aliyefedheheka hapo. Mmoja alipima kwa alichokuwa nacho, mwingine akaja na kipimo bora, na maarifa yakasogea. Na hata hiyo 7 ni maisha marefu mno kwa nondo.

Mwisho wa miaka hiyo anasokota kifuko cha mwisho, cha kuta mbili, moja nje, nyingine ndani. Mwanga wa jua unapenya, joto linanaswa katikati, na pupa, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, inakua upesi. Nondo anatoka kiangazi hichohicho. Hali chochote. Jike amejaa mayai kiasi kwamba kuruka ni shida, hivyo dume ndiye anayemfuata. Wanapandana, jike anataga, mara nyingi juu ya kifuko kilekile alichotokea, na wote wawili wanakufa. Miaka 7 ya kiwavi, siku chache za nondo.

Nyuki sasa. Wazee wetu wa mizinga, najua nikisema nyuki mnamwona yule wenu. Huyu ni nyuki bambi, wa jenasi Bombus, mnene, mwenye manyoya tele. Afrika kusini ya Sahara hatuna bambi wa asili hata mmoja, ndiyo maana wengi hatujawahi kumwona. Msimchanganye na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za mapaa yetu, hao ni wa ukoo mwingine.

Bambi wa tundra anaitwa Bombus polaris. Jina hilo alipewa mwaka 1835 na John Curtis, bingwa wa wadudu wa Uingereza, kutokana na vielelezo vilivyoletwa na msafara wa John Ross. Meli yao, Victory, ilinaswa na barafu ya kaskazini mwa Kanada, na watu wale wakapitisha huko majira 4 ya baridi kati ya 1829 na 1833. Mpwa wa Ross, James Clark Ross, ndiye aliyefika kwenye ncha ya sumaku ya kaskazini Juni 1831, na ndiye aliyerudi Uingereza na wadudu wale. Nawaheshimu sana watu hao kwa hilo. Wako kwenye njaa na kukata tamaa, hawajui kama watarudi makwao, na bado mtu anainama kumtia nyuki kwenye chupa kwa uangalifu ili miaka mingi baadaye wengine tumjue.

Tumtazame malkia wa bambi siku ya kwanza anapotoka. Ni mapema, theluji bado ina mabaka, na hewa iko karibu na sifuri. Amesimama juu ya ua la mwerebi. Mabawa yametulia kabisa. Lakini ukisogeza jicho, tumbo linapanda na kushuka haraka, anahema. Ndani ya kifua chake misuli ya kurukia inafanya kazi kwa nguvu zote. Misuli hiyo iko makundi mawili, moja la kuinua mabawa, jingine la kuyashusha. Akiyakaza yote mawili kwa pamoja, mabawa hayaendi popote, na nguvu yote inageuka joto. Anatetemeka bila kuonekana akitetemeka. Kifua kinapanda hadi nyuzi 30 na kuzidi, na akiwa kazini hufika nyuzi 35 hadi 38. Hilo ndilo joto la mwili wako wewe uliyekaa hapo. Na lake limo ndani ya mdudu anayeruka katika hewa inayokaribia kuganda.

Kuni za moto huo ni sukari ya mbochi. Ndiyo maana kila ua ni suala la kufa na kupona. Bambi aliyeishiwa sukari hawezi kujipasha, asiyejipasha hawezi kuruka, na asiyeruka hawezi kufika kwenye ua jingine.

Mtafiti Bernd Heinrich, ambaye amewapima nyuki hawa kwa miaka mingi, yeye na mwenzake walionyesha kwamba malkia wa Aktiki hakipashi kifua peke yake. Analisukuma joto hadi tumboni, kwenye ovari, ili mayai yapevuke upesi. Vibarua, yaani majike wafanyakazi, na madume hawajisumbui na hilo, matumbo yao hubaki na joto la chini. Kiota chake mara nyingi ni tundu la zamani la lemingi, panya mdogo wa tundra, lenye nyasi na sufi ndani. Humo anataga, kisha anayalalia mayai tumbo chini na kuyaatamia kama kuku, hadi watoto wakulie kwenye joto la takriban nyuzi 30, huku sentimita chache chini yao ardhi ni barafu tupu.

Kenneth Richards aliwachunguza nyuki hawa kwenye Ziwa Hazen na kuchapisha kazi yake mwaka 1973. Alichokikuta ni haraka ya ajabu. Bambi wa nchi za kusini zaidi hulea vibarua mafungu kwa mafungu kabla ya kufikiria kuzaa malkia wapya. Huyu wa Ellesmere hulea fungu moja la vibarua, wachache, na linalofuata tayari ni la malkia na madume. Hana muda. Mwisho wa kiangazi malkia wapya wanapandwa, kila mmoja anachimba mahali pake ardhini na kulala zaidi ya miezi 8 chini ya theluji. Malkia mzee, vibarua, madume, wote wanakufa. Kila kinachobaki cha ukoo mzima kimo ndani ya miili ya malkia wapya wachache waliolala peke yao.

Hapo ndipo wadudu hawa wawili wanapoachana. Kiwavi ana muda mwingi na nguvu kidogo. Chakula chake ni jani, kitu kisichochomeka upesi, kwa hiyo anaishi taratibu na kuigawa kazi ya mwaka mmoja katika miaka 7. Bambi ana nguvu nyingi na hana muda. Chakula chake ni sukari, kinachowaka mara moja, kwa hiyo anabana kila kitu ndani ya kiangazi kimoja. Mmoja joto likimtoka anasubiri. Mwingine joto likimtoka, watoto wanakufa.

Nawaomba msikimbilie kusema nani hodari zaidi. Nimeona watu wakimsifu nyuki kwa sababu anapambana, na kumwona kiwavi mnyonge kwa sababu anaachia barafu impitie. Tundra haijui sifa hizo. Wote wawili wamekuwepo huko kwa vizazi na vizazi, na ushahidi wa uhodari wao ni kwamba wapo.

Nilisema nitarudi kwa maadui. Mtu angedhani adui mkubwa wa kiwavi wa Aktiki ni baridi. La hasha. Ni wadudu wenzake: nyigu anayeitwa Hyposoter, anayetaga ndani ya mwili wa kiwavi, na inzi anayeitwa Exorista, anayebandika mayai juu ya ngozi yake. Watoto wao wanamla kiwavi akiwa hai. Katika tafiti za Alexandra Fiord, wavamizi hawa walihusika na zaidi ya nusu ya vifo. Hao huhitaji joto ili kuruka na kutafuta, na kiwavi aliyejifungia mapema hukwepa sehemu kubwa ya msimu wao. Hilo ndilo jibu la tatu nililowaahidi.

Bambi naye anawindwa na jamaa yake. Kuna bambi mwingine wa tundra, aliyezoeleka kuitwa Bombus hyperboreus, ambaye malkia wake hupora kiota cha polaris, akamwondoa mwenye nyumba, na kuwafanya vibarua wa marehemu wawalee watoto wake yeye. Greenland nzima ina aina hizi mbili tu za bambi: mwenye nyumba na mporaji.

Nichepuke kidogo, maana wafugaji nyuki mtalipenda hili. Je, nyuki wa mahali ambapo jua halizami analala saa ngapi? Kule kaskazini mwa Finland, watafiti walibandika alama kwenye bambi wa aina nyingine na kuwafuatilia kiangazi, mwanga ukiwa wa saa 24. Utafiti ulitoka mwaka 2010. Wale nyuki waliacha kazi karibu na saa sita ya usiku na kupumzika kiotani, japo jua lilikuwa bado linaonekana. Na Peter Kevan, huyuhuyu niliyemtaja, alionyesha mwaka 1975 kwamba maua ya tundra kama mpopi wa Aktiki hugeuka yakilifuata jua, yakikusanya joto katikati ya petali, na wadudu wadogo huja kukaa humo kuota moto. Ua pale linatoa chakula na linatoa hifadhi.

Turudi sasa kwenye fikra niliyoanza nayo. Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara 4 ya wastani wa dunia. Hesabu hiyo ilichapishwa na watafiti wa Finland mwaka 2022. Kwenye kituo cha Zackenberg, kaskazini mashariki mwa Greenland, ambako mimea na wadudu wamekuwa wakipimwa kila mwaka tangu 1996, ndani ya miaka 10 ya kwanza maua na wadudu walianza kutokea mapema zaidi kwa takriban wiki 2. Wiki 2, kwa mahali ambapo kiangazi chote ni wiki chache! Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba msimu wa maua ulikuwa unafupika, na wadudu wanaoyatembelea wakipungua.

Fuateni hatua moja moja muone joto linamfikiaje kila mmoja wao. Theluji ikiyeyuka mapema, mwerebi unachanua mapema. Malkia akiamka kwa wakati wake wa zamani, anakuta ua lililokuwa la kumwanzishia moto limekwisha. Maua yakikauka upesi, fungu la pili la watoto, lile la malkia wapya, ndilo linalokosa chakula. Majira ya baridi yakiwa na mvua juu ya theluji, au theluji ikipungua, malkia aliyelala ardhini anapoteza blanketi lake. Kwake theluji ni kinga, na joto lisilotulia ndilo linalomvua.

Kwa kiwavi ni hivyohivyo kwa njia yake. Nguvu yake yote imo katika kuzimika. Kila siku ya joto isiyo ya msimu, akiwa ndani ya kifuko bila chakula, inamwashia mwili na kumlia akiba. Jani la mwerebi likizeeka mapema, wiki zake za kula zinapungua. Na joto linalompa nyigu na inzi siku zaidi za kuruka linawapa siku zaidi za kumpata. Alizoea kuwaachia Julai. Je, wakimjia Juni atakwenda wapi?

Kwa hiyo baridi ile tunayoihurumia kwa niaba yao ndiyo iliyojenga ratiba wanayoishi kwayo. Sisemi kwamba tunajua kila kitakachotokea. Nasema kwamba neno "nafuu" halina mahali hapa.

Kabla sijakaa, nimeletewa vikaratasi viwili vya maswali, naomba mwenyekiti uniongezee dakika chache.

Mzee mmoja anauliza kama bambi huyo ana asali ya kuvuna. Mzee wangu, hapana. Anatengeneza vyungu vidogo vya nta na kuweka mbochi wa kumvusha siku za upepo na theluji, basi. Hahitaji akiba ya mwaka mzima kama nyuki wako, kwa sababu hakuna kundi linalovuka mwaka. Ukimnyang'anya kile chungu siku ya dhoruba, umeua kiota.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anauliza: joto likiendelea, nani ataondoka kwanza? Swali zuri sana, na nitakujibu kwa maoni yangu, uyapime mwenyewe. Wakati wowote ule bondeni kuna viwavi wa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho, wote pamoja. Kiangazi kimoja kikiharibika, waliobaki wanaganda na kujaribu tena mwakani. Bambi hana mwakani. Kiangazi kibaya kimoja katika bonde moja maana yake hakuna malkia wapya, na bonde hilo litasubiri wageni kutoka kwingine. Ndiyo maana mimi namhofia bambi kwanza. Lakini ukinyoosha macho miaka 50 mbele, mambo yanageuka. Bambi katika miaka hiyo atakuwa amepitia vizazi 50, na kila kizazi ni nafasi ya wale wanaoamka mapema kidogo kuacha watoto wengi zaidi. Kiwavi atakuwa amepitia vizazi 7 tu. Mwenye subira anavuka mwaka mbaya kirahisi, ila kubadilika kwake kunachelewa. Kama ningepewa vipimajoto vichache vya kupeleka Ellesmere, ningeanza na viota vya bambi kiangazi hikihiki, kisha ningetafuta mtu kijana, wa umri wako, wa kuwahesabu viwavi hadi atakapostaafu.

Asanteni kwa kunisikiliza.